Volti Alizozifunga Ramla

Kila siku baada ya shule, Ramla alipita kwao Kabondo, akala upesi, akavua sare, kisha akashuka mjini kwenye studio ya baba yake. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichopakana na duka la vitambaa, si mbali na soko kuu la Kisangani. Papa Waziri alipiga picha ndogo za vitambulisho, alichapa kazi za wanafunzi wa chuo, na siku za Jumamosi alikwenda kurekodi video za ndoa. Ramla alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini mle ndani alikuwa na kazi yake, na ole wake mtu ambaye angejaribu kumnyang'anya.

Kazi hiyo ilikuwa kutazama mshale. Nyuma ya mlango palikaa stabilisateur, boksi la chuma la kutuliza umeme, lenye kioo cha duara na mshale mwekundu juu ya namba. Umeme ukiwa mzuri, mshale ulisimama kwenye volti mia mbili na ishirini. Lakini umeme wa mji ule haukosi vituko: mara ushuke hadi taa ziwe nyekundu, mara upande bila kubisha hodi. Mwaka juzi ulipanda ukaunguza friji ya Mama Nuru, mama yake Ramla, ikiwa imejaa samaki wa Yanonge waliokuwa wa kuuza. Familia nzima ilikula samaki siku tatu, asubuhi na jioni, hadi mdogo wake Yusufu akawa analia akiona sahani. Tangu siku hiyo Papa Waziri aliweka sheria.

"Mushale ikipita mia mbili na makumi ine, ukate courant," alimwambia Ramla. "Usiulize mutu, usingoje mutu. Kitu ikipanda, inaunguza. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Na kweli alikuwa amesikia. Mara tano mwaka huo mshale ulipanda, na mara zote tano mkono wa Ramla ulifika kwenye swichi kubwa kabla baba yake hajageuza shingo. Papa Waziri alipenda kuwaambia wateja kwamba binti yake ana jicho la kozi. Ramla alijifanya hasikii, lakini alikuwa anasikia vizuri sana.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, aliingia Eddy, kijana mrefu aliyefunga ndoa siku mbili kabla. Papa Waziri ndiye aliyeirekodi ndoa hiyo, kuanzia misa kanisani hadi mwisho wa karamu.

"Papa Waziri, mbote. Film yetu na Virginie iko namna gani?"

"Bon, picha ziko humu zote. Inabaki kuziunganisha. Vendredi, baada ya sala ya Ijumaa, utakuja kuibeba."

"Vendredi kweli, Papa? Juu baleinière inatoka samedi asubui. Ingine sijui itatoka wakati gani. Mama yangu iko Opala, muguu wake hauwezi kumuleta. Alilia kwa telefone. Alisema, kama sikuona ndoa ya mutoto wangu na macho, nione hata ndani ya ordinateur, ile kompyuta ya mwalimu."

"Mama Annette ataona," alisema Papa Waziri. "Nimekupa neno."

Ramla alimwona Eddy akitoka huku akitabasamu, na yeye mwenyewe akafurahi. Alimwaza mama mzee amekaa kitini, mguu umefungwa kitambaa, akiingoja hiyo baleinière, mashua ya mbao yenye injini, itakayotoka Kisangani Jumamosi.

Kompyuta ya studio ilikuwa mpya. Mwezi uliotangulia, Noël, fundi wa kompyuta wa barabara ileile, ndiye aliyeiunganisha kipande kwa kipande. Alikuwa amechagua prosesa yenye nguvu, yaani kile kidude kidogo kinachofanya hesabu zote ndani ya kompyuta, kwa sababu kazi ya video ni nzito. Tena aliacha humo programu ndogo ya kuonyesha joto la prosesa, kasi yake na volti zake, ili Papa Waziri aangalie wakati wa jua kali.

Jumanne, Papa Waziri alikwenda msikitini kusali alasiri. Ramla alibaki peke yake. Mshale ulikuwa umetulia, wateja hawakuwepo, na mikono ilimwasha kwa kukosa kazi. Akaifungua ile programu ndogo.

Mwanzoni volti zilikuwa 0,9. Akafungua folda moja ya picha, zikaruka hadi 1,42. Zikashuka. Akafungua nyingine, zikaruka tena. Kompyuta ilikuwa haifanyi kazi yoyote ya maana, mbona volti zinapanda kwa zaidi ya nusu yake? Kisha akatazama kasi, nayo ilikuwa gigahezi 4,4. Akainua macho hadi juu ya kabati, kwenye boksi la prosesa alilolihifadhi baba yake. Boksi lilisema 3,6.

"Inapanda," alinong'ona. "Kitu ikipanda, inaunguza."

Angekata umeme, lakini ukiwashwa tena si volti zitapanda vilevile? Akakumbuka siku Noël alipokuja kubadilisha betri ndogo ya saa ya kompyuta. Noël alibonyeza kitufe fulani wakati mashine inawaka, ikafunguka menyu ya ndani yenye namba nyingi. Ramla alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, na jicho la kozi halikusahau. Aliwasha upya, akabonyeza, akaingia. Palipoandikwa volti za prosesa palikuwa na neno moja, Auto. Akalifuta, akaandika 1,0, akahifadhi, akatoka.

Alipofungua tena ile programu, volti zilikuwa 1,0. Akafungua folda tano kwa mpigo. Zilibaki palepale, zimenyooka kama uzi. Ramla akajiegemeza kwenye kiti kwa fahari ya mtu aliyezima moto kabla wenye nyumba hawajanusa moshi. Alikusudia kumwambia baba yake akirudi, lakini baba alirudi na wanafunzi watatu wenye haraka ya kuchapa karatasi, na neno likalala.

Jumatano Papa Waziri akaanza kuunganisha video. Kukata na kupanga kulikwenda vizuri. Lakini alipoiamuru kompyuta itoe filamu nzima, skrini iliganda, ikawa nyeusi, na mashine ikajiwasha upya yenyewe.

"Ramla, courant?"

Ramla alitazama mshale. "Mia mbili na kumi na nane, Papa. Imetulia."

Papa Waziri akajaribu tena. Ikazimika. Mara ya tatu ikafika robo ya filamu, ikazimika. Mara ya nne haikufika popote. Papa Waziri alisimama, jasho likimtiririka shingoni, akapiga simu kwa Noël. Simu haikupatikana. Jirani muuza vitambaa akasema Noël yuko Bengamisa tangu Jumapili, amekwenda kutengeneza kompyuta za shule.

"Alors ndio maana!" alisema Papa Waziri kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Anauzisha batu processeur ya ovyo, anakimbia Bengamisa!"

Ramla alikumbuka ile 1,0 aliyoiandika. Alitaka kusema, lakini aliogopa. Akajiambia pengine si yeye, pengine kweli prosesa ni mbovu. Mtu akiogopa hujitungia maneno matamu, na Ramla alijitungia mengi jioni ile, ila hata moja halikumshibisha. Kurudisha neno Auto kimyakimya nako hakuweza, kwa kuwa baba yake hakubanduka mbele ya mashine hadi walipofunga mlango.

Alhamisi asubuhi, njiani kwenda shuleni, rafiki yake Colette alimshika mkono. Colette alikuwa binti wa wafanyabiashara waliotoka Butembo, na si mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Unatembea sawa mutu alimeza jiwe. Iko nini?"

Ramla akamweleza yote, kuanzia 1,42 hadi kelele za jana.

"Na weye unajua ni weye?"

"Sijui kabisa. Lakini mbele ya mie kugusa, ilikuwa inatumika muzuri."

"Basi, sema."

"Papa atanitoa kwa mushale, Colette. Hatanipa tena kazi yangu."

"Na tonton Noël, mujomba wa batu, yeye? Jana mwenye cyber iko pembeni ya duka yetu alisema hatamuagiza tena zile machine tatu, juu Papa Waziri alisema iko muongo. Weye unaogopa kupoteza mushale. Yeye anapoteza jina."

Ramla aliongeza mwendo. Masomo ya asubuhi ile yalipita juu ya kichwa chake, hesabu na jiografia pamoja.

Alipofika studio mchana, alimkuta Noël amesimama mlangoni, vumbi la barabara ya Bengamisa bado limemganda kwenye viatu na begi likiwa begani. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiyependa kupandisha sauti.

"Papa Waziri," alisema, "nimeshuka kwa pikipiki sasa hivi. Mbele nifike nyumbani, batu tatu baliniambia. Banasema niliuzisha weye processeur mubaya."

"Nilisema, na ninasema tena. Tazama!" Papa Waziri akaiamuru mashine itoe filamu. Baada ya dakika moja skrini ikawa nyeusi.

Noël aliweka begi chini. Ramla aliuona uso wake ukibadilika, si kwa hasira ila kwa huzuni, na hilo lilimuuma zaidi.

"Bon. Kama iko mubaya, mie njo nitalipa kosa. Nitaitoa, niipime kwangu. Samedi mangaribi nitakupa jibu."

"Samedi mangaribi! Baleinière ya Eddy inatoka samedi asubui! Nilimupa mutoto wa mutu neno!"

"Nitafanya namna gani, Papa? Sina ingine. Ingine itatoka Goma na ndege."

Noël akatoa bisibisi begini, akainama kufungua parafujo ya kwanza. Ramla aliiona ikizunguka, akamwona akilini Mama Annette wa Opala, kiti chake, mguu wake, na mashua iliyofika bila kitu. Akatoka nyuma ya mlango.

"Papa, ni mie."

"Ni weye nini?"

"Ni mie niliiharibu. Tonton Noël hana kosa." Maneno yakaanza kutoka, na yalipoanza hayakusimama. Aliwaeleza juu ya programu ndogo, zile 1,42, boksi lililosema 3,6, menyu ya ndani, na namba aliyoiandika badala ya Auto. Alipomaliza alikuwa analia, na hakujificha.

Papa Waziri alimkazia macho. Mishipa ya paji la uso ilimsimama. Noël ndiye aliyeuliza, kwa upole uleule, "Na juu ya nini uliandika moja?"

"Ilikuwa inapanda, tonton. Papa alisema kitu ikipanda, inaunguza."

Papa Waziri akatazama chini.

Noël aliweka bisibisi mezani na kucheka kidogo, si kicheko cha kumdharau mtu. "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Friji iliwauma, basi mutoto anashtuka hata kwa volti moja na nusu. Kuja, Ramla. Ukae hapa. Weye ulifunga, weye utafungua."

Ramla akapangusa macho, akaketi. Akawasha mashine, akaingia kwenye menyu, akafuta 1,0, akarudisha Auto. Kisha wakafungua ile programu ya volti, na zikaruka tena mbele yao, 0,9 na 1,42 na 1,3.

"Sasa sikiliza," alisema Noël. "Courant ya ukuta inasukumwa. Inatoka kule kwa maporomoko ya maji yenye kufanya umeme, inakuja na nguvu yake, friji haina neno la kusema. Ikisukumwa mingi, friji inakufa. Njo maana weye unatazama mushale. Lakini volti ya processeur haisukumwe. Processeur yenyewe njo inaomba. Inaomba mara mingi sana kwa segonde moja. Inapima joto yake, inapima kazi iko mbele yake, inasema, sasa munipe hivi. Ikimaliza, inasema, basi, mupunguze."

"Lakini ilikuwa haina kazi, tonton."

"Si ulifungua dossier, ile folda ya picha?" Noël akaonyesha kidole barabarani. Alipita mwendesha toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria, kiti cha nyuma kikiwa kitupu. "Muone yule. Hana mutu nyuma. Akiona muteja ngambo, atasimama juu ya pedali, atakimbia sana, mara moja, kisha atakaa. Kufungua dossier ni vile. Mbio kidogo, pumzi mingi, halafu anapumzika. Ile 4,4 uliona ni mbio yake. Ile 3,6 ya boksi ni mwendo aliahidi kushika hata siku ya muzigo muzito."

"Na volti ni pumzi yake?"

"Kabisa. Weye ulimufunga kamba ya kifua. Kwa njia tambarare hakuna mutu aliona. Lakini alipobeba film ya Eddy na kupanda mulima, pumzi ikakosa, akaanguka na muzigo wake."

Papa Waziri aliinama kwenye skrini. Akaiamuru kompyuta itoe filamu. Wote watatu wakatazama namba. Volti hazikupanda. Zilishuka hadi 1,2, na kasi ikashuka hadi 4,0, ikakaa hapo. Feni ilivuma. Dakika moja ikapita, tano, kumi.

"Inashuka," alisema Ramla kwa mshangao. "Kazi imekuwa nzito, na yenyewe inashuka!"

"Toleka yenye muzigo inakwenda malembe, polepole," alisema Noël. "Inajua njia ni ndefu."

Baada ya dakika arobaini filamu ilitoka nzima. Papa Waziri akaifungua mwisho wake, wakamwona Virginie akicheza na shela yake begani, na hakuna kilichozimika. Ramla alipumua kama mtu aliyetua ndoo.

Lakini Papa Waziri hakuketi. Alichukua kofia yake. "Noël, unisamehe. Nilikupa kosa bila kuona. Ramla, simama, tunatoka."

"Tunakwenda fasi gani, Papa?"

"Neno nililisema barabarani. Litarudishwa barabarani."

Wakapita wote watatu. Walianza kwa muuza vitambaa, wakaenda kwa mama wa mikate, wakamalizia kwa yule mwenye cyber. Kila mahali Papa Waziri alisema yaleyale, kwamba prosesa ni nzuri, kwamba Noël ni fundi mwaminifu, na kwamba kosa lilitoka studio. Hakumtaja Ramla. Mlango wa tatu, Ramla alijitaja mwenyewe. Mwenye cyber alimtazama kwa muda, kisha akamgeukia Noël.

"Bon. Zile machine tatu, utaniletea wakati gani?"

Ijumaa Eddy aliichukua filamu, imewekwa kwenye flashi ndogo. Jumamosi asubuhi ikapanda baleinière, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kopo la maziwa, isije ikalowa.

Siku tisa baadaye, Ramla akiwa nyuma ya mlango mahali pake pa kawaida, Eddy aliingia anakimbia, simu mkononi. "Papa Waziri! Mama ametuma sauti!" Akaweka simu mezani na kubonyeza.

Wakati huohuo mshale ukapanda. Mia mbili na thelathini, arobaini, hamsini. Mkono wa Ramla ukafika kwenye swichi, tap! Feni ikanyamaza, skrini ikafa, chumba kikawa na giza la mchana. Ni simu tu iliyoendelea, na sauti ya Mama Annette ikasikika wazi kutoka Opala:

"Eddy, nimeona. Nimeona misa yote. Nimeona karamu, mara tatu. Bibi yako Virginie anacheza muzuri kuliko weye. Muguu unauma, lakini leo nimecheza nao kidogo."

Eddy alicheka huku akifuta macho. Ramla alisimama, mkono bado uko kwenye swichi, akamtazama baba yake kwa wasiwasi.

"Mia mbili na makumi tano, Papa," alisema. "Nimekata bila kuuliza."

"Na umefanya vizuri. Hiyo unaijua," alisema Papa Waziri. Akaja, akamwekea mkono kichwani. "Sikia, mwanangu. Mie nilikufundisha kukata, sikukufundisha kuuliza. Kosa hilo ni langu. Kitu unakijua, ufanye haraka. Kitu hukijui, hata kama kinakutisha, uulize mbele ya kugusa. Kuuliza si ujinga. Na ukiisha kukosa, usingoje siku mbili. Siku moja tu ya kunyamaza ilitosha kumupotezea Noël jina. Kusema kweli kulichukua dakika moja."

"Ndiyo, Papa."

"Na mushale unabaki wako."

Ramla akarudi nyuma ya mlango. Alingoja mshale ushuke hadi mia mbili na ishirini na utulie, kisha akawasha umeme.